Mfuko mtupu, moyo mzito

Mazungumzo na watu waliohama makwao na viongozi wa mitaa, Butembo



Wengi wenu mlikimbia upande wa Beni bila kitu mkononi, tangu mauaji yalipoanza huko mwezi wa 10 mwaka 2014. Mara nyingi tunasikia: "Akili yangu haitulii. Pesa kidogo nikiipata, inaniponyoka." Msijilaumu. Kuna mtafiti aliyechunguza jambo hili.

Anaitwa Johannes Haushofer, Mjerumani. Kwanza alisomea ubongo, akapata udaktari huko Harvard, Marekani. Halafu akarudi shuleni, akapata udaktari wa pili, wa uchumi, huko Zürich, Uswisi. Alitaka kujua namna umaskini unavyoingia mwilini. Mtu akihangaika, mwili wake unatoa kemikali iitwayo kotisoli, ambayo hupimwa hata katika mate. Mwaka 2014, yeye na mwenzake Ernst Fehr waliandika kwamba umaskini huleta mahangaiko, na mahangaiko humfanya mtu achague kidogo cha leo kuliko kingi cha kesho. Basi si uvivu wala ujinga.

Mwaka 2012 alianzisha kituo cha utafiti cha Busara, Nairobi. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilitumia jamaa maskini pesa kwa njia ya simu, bila masharti. Waliopokea walichaguliwa kwa kura. Haushofer na Jeremy Shapiro walitoa matokeo mwaka 2016: watu walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo na mabati, wala hawakuongeza pombe. Furaha iliongezeka. Kwa jumla kotisoli haikubadilika, lakini ilikuwa chini zaidi pale mama alipopokea kuliko pale mume wake alipopokea, na pale pesa ilipotolewa mara moja kuliko kila mwezi.

Sasa sikieni vizuri, viongozi. Mwaka 2015 watafiti hao waliandika pia juu ya majirani. Mtu akiona wenzake wa kijiji wanatajirika, yeye hakuridhika tena na maisha yake, ingawa uchungu huo ulipungua baadaye. Hilo ni letu kabisa. Jamaa iliyokupa chumba na sehemu ya shamba lake, ikiona magunia yanakupitia wewe peke yako, itaumia, na maneno yataanza. Kwa hiyo orodha ya msaada isomwe mbele ya wote, sababu zielezwe, na wenyeji waliopokea wageni wahesabiwe pia.

Kwa vijana: mwaka 2016 Haushofer alitangaza orodha ya mambo aliyoshindwa: masomo aliyokataliwa, kazi alizokosa, maandishi yaliyorudishwa. Alitaka wengine wajue kwamba aliyefika naye alianguka njiani. Wewe uliyepoteza mwaka wa shule kwa sababu ya vita, haujamalizika.

Leo jioni, kabla ya kulala, muulize jirani yako: "Moyo wako uko namna gani?" Amani huanzia hapo.