Mwendo wa Telki



Katibu aliponipigia simu ofisini aliniomba nizungumze juu ya utumishi wa serikali. Nilimjibu kwamba habari za mafaili mtazipata kwa wengine, nami nikaomba niseme juu ya kupanda punda. Katibu alicheka kama mnavyocheka ninyi. Nivumilieni kidogo.

Kutoka hapa hadi Kariakoo si mbali. Wengi wetu twajua kwamba jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini kwa nini vita vile vilitaka wapagazi wengi kiasi kile? Sababu moja kubwa ni kufa kwa wanyama. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliingia nchini humu na farasi na baghala wengi. Mbung'o wakawauma, nao wakafa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu, na watu nao wakafa kwa makumi ya maelfu.

Basi msishangae kwamba sisi hatukuwa watu wa farasi. Mnyama wa kupandwa katika mwambao wetu alikuwa punda, maana huyavumilia zaidi maradhi yale. Katika karne ya 19 punda weupe wa Maskati walikuwa kipando cha watu wenye cheo kule Unguja. Lugha yetu nayo imehifadhi ujuzi huo. Mnyama akienda mbio za kurukaruka, akimtikisa mpandaji hadi meno, huo ni mwendo wa matiti. Akitimua mbio zote, hizo ni shoti. Katikati ya kutembea na kukimbia kuna mwendo wa tatu, nao ni telki. Katika telki mnyama huenda upesi, lakini mgongo wake hutulia, na aliyepanda hukaa kama aliyeketi barazani.

Watu wa nchi nyingine wanauthamini sana mwendo wa namna hiyo. Farasi wa Iceland wana mwendo wao uitwao tölt, na katika maonyesho yao mpandaji hushika glasi ya bia, akashindana na wenzake asiimwage. Peru nako wana farasi wao, na Marekani wana farasi wa Tennessee. Mwaka 2012 wataalamu waliokuwa Sweden walieleza badiliko moja katika jini iitwayo DMRT3, ambalo farasi wengi wa namna hiyo huzaliwa nalo. Maana yake ni kwamba kipaji kimo damuni. Kazi ya mfunzaji ni kukitoa bila kukiharibu.

Mimi sikulijua hilo nilipokuwa na miaka 14. Babu yangu mzaa mama alikuwa Lamu, mji ambao hata leo mizigo hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Mwaka ule nilipelekwa kwake likizo. Alikuwa na punda dume wa kijivu, mwenye telki ambayo wazee wa pwani ile waliisifu. Babu alikuwa akitoka naye asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akafika sokoni kahawa ikiwamo.

Nami nilitaka kushinda mbio za punda za wakati wa Maulidi, ambazo vijana hupanda bila matandiko, wakiwa wameketi nyuma kabisa karibu na mkia. Nilitaka pia watu wa ufukoni wamwone punda wangu ameinua kichwa kama farasi wa picha. Kila alasiri babu alipolala nilimtoa kwa siri. Nilimfunga lijamu ya kamba nyembamba ya nailoni, nikaikaza, nikavuta kichwa juu huku nikimpiga kwa fimbo nyuma. Si tumefundishwa kwamba punda haendi bila kigongo?

Kwa siku mbili niliona nimefaulu. Siku ya tatu alianza kurusha kichwa. Siku ya tano telki ikapotea. Ukimhimiza, anakupa matiti tu. Babu aliona damu kwenye kamba.

Hakunipiga. Aliniambia, "Mjukuu wangu, uma kamba hii." Nikaiuma. Akaivuta kidogo tu, kama mtu anayejaribu mshipi kama una samaki. Machozi yakanitoka. Kisha akasema, "Huyu hana ulimi wa kukuambia. Alikuambia kwa miguu, nawe hukusikia."

Mbio za Maulidi nilizitazama nikiwa mtazamaji. Likizo yote iliyobaki nilimfundisha yule punda upya, na kwa kweli yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Wiki ya kwanza sikumpanda. Nilimsafisha kinywa kwa maji ya chumvi, nikakagua mgongo na kwato, nikamwongoza kwa miguu. Baadaye nilimpanda maji yakitoka, pale mchanga unapokuwa mgumu na sawa. Sheria za babu zilikuwa chache. Anza kwa kutembea, na umwache atembee kwa nguvu. Kisha mhimize kwa miguu yako kidogo. Akiangukia matiti, usimpige. Mrudishe katika kutembea, uanze tena. Akishika telki hata kwa hatua kumi, legeza mkono papo hapo, maana kulegeza ndiko malipo yake. Halafu shuka kabla hajachoka, ili kesho akukubali.

Siku ya mwisho babu alinipa kikombe. Nilifika sokoni na nusu ya kahawa. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kanzu. Babu alikitazama kikombe, akasema, "Nusu hii ni yako. Ile nyingine ni ya ile kamba." Yule punda alipona, lakini hadi alipokufa alikuwa akirusha kichwa kila alipoona mtu mgeni ameshika hatamu. Jambo hilo sikuweza kulifuta.

Ndugu zangu, msidhani ujinga ule ni wa mtoto peke yake. Marekani ilitunga sheria ya kulinda farasi mwaka 1970, kwa kuwa wafunzaji wengine walikuwa wakiwapaka farasi wa Tennessee dawa kali miguuni. Farasi akikanyaga huumia, kwa hiyo huinua mguu juu mno, na watazamaji hushangilia. Hata baada ya sheria hiyo wako waliokamatwa kwa kosa lilo hilo. Nisomapo habari zao huikumbuka kamba ya nailoni. Kilichowapotosha ndicho kilichonipotosha mimi: tulitaka kuonyesha kabla ya kufundisha. Na wanaoshangilia nao wana sehemu yao ya lawama, maana mnyama huumizwa kwa ajili ya makofi yao.

Lamu leo kuna zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na hutolewa zawadi kwa punda aliyetunzwa vizuri. Nazipenda zawadi hizo kuliko kombe la mbio. Mwamuzi hutazama mgongo, kwato na kinywa, yaani mahali ambapo mwenye punda hawezi kudanganya.

Kwa wadogo zetu nina ombi moja. Kesho mtapewa watu wa kuongoza, ofisini, darasani au nyumbani. Mtu wenu akianza kurusha kichwa, msiende kutafuta fimbo kwanza. Tazameni mkono wenu umeshika nini.

Nanyi walimu wetu mliotulegezea hatamu kwa wakati wake, tulikuwa hatujui. Sasa twajua.