Taa Baada ya Jiki

Mwaka 2011 watafiti wa Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walichapisha taarifa ya mlipuko wa bakteria wa jamii ya Enterobakta, sugu kwa dawa nyingi, katika wodi ya watoto wachanga. Ndiyo maana taa za miale ya urujuanimno zinavutia: miale ya takriban nanomita 254 huharibu vinasaba vya kijidudu, na usugu wake kwa dawa haukikingi. Utafiti wa hospitali 9 za Marekani, uliochapishwa 2017 katika jarida la Lancet, ulionyesha kuwa taa hiyo ikiongezwa juu ya usafi wa kawaida, maambukizi kwa wagonjwa wanaorithi chumba yalipungua kwa karibu asilimia 30. Lakini tuusome wote: pale jiki ilipokuwa imetumika, taa haikuleta tofauti ya maana. Na jiki ndiyo tuliyonayo.

Atakayesema kuwa msafishaji huchoka na kuruka sehemu ana hoja. Taa nayo haifiki nyuma ya kitanda. Damu na vumbi huizuia, na chumba lazima kiwe kitupu kwa sababu miale huumiza macho na ngozi. Wodi tupu, katika hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima! Ninaikubali taa kwenye vyumba vya upasuaji usiku, na vya karantini mgonjwa akishaondoka, kwani homa ya Marburg ilibisha hodi Kagera mwaka 2023. Kwingineko, fedha itangulie kwenye maji, klorini na mishahara ya wasafishaji.