Mafuriko, Utani na Tranka Langu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokaa chini ili sisi wazee tupate viti:

Nimeombwa niseme machache juu ya utumishi serikalini. Mambo hayo mlikwisha kuyasikia mwaka jana, na aliyeyasema aliyasema vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Naomba ruhusa nizungumzie tranka.

Mwaka 2011 nilikuwa mtumishi mpya jijini Dar es Salaam, nimepanga vyumba viwili katika bonde la Msimbazi, upande wa Magomeni. Kodi ilikuwa rahisi, na kila mtu alijua kwa nini ni rahisi. Mwaka huohuo ikaletwa barua ya kuwataka wakazi wa bondeni wahame. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa uchochoro wetu, wazee waliniomba niwasomee. Nikaisoma, nikaifafanua kifungu kwa kifungu, kisha nikarudi chumbani kwangu nikalala.

Mvua ilianza Desemba 20. Wataalamu wa hali ya hewa walisema baadaye kwamba mvua ya namna ile haikuwa imeonekana jijini tangu 1954. Tulipoamka maji yalikuwa magotini. Mke wangu alipokwisha kumbeba mtoto yalikuwa kiunoni. Watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini, mmoja wao kijana wa uchochoro wetu aliyerudi ndani kuchukua godoro la mama yake. Nalisema hili mapema, msije mkadhani nimekuja kuyafanyia mzaha maji yale.

Lakini watu walicheka, na tangu siku ileile. Sherehe za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa zimepita chini ya wiki mbili tu, na fulana zake zilikuwa bado mpya. Mzee mmoja alikuwa juu ya bati amevaa ya kwake, kifuani imeandikwa ile kaulimbiu: Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele. Friji lake likatoka mlangoni, likageuka taratibu, likashika njia ya baharini. Akalitazama, akajitazama kifuani, akasema, "Kumbe aliyeelewa ni friji peke yake."

Tulihifadhiwa katika madarasa ya shule ya msingi. Siku mbili nilikaa pembeni bila kusema na mtu. Vyeti vyangu vyote vilikuwa ndani ya tranka nililotoka nalo hapa shuleni, na tranka lilikuwa limekwenda. Hata hivyo, kilichonikaa moyoni zaidi ni ile barua.

Siku ya tatu akaingia jirani yangu, mzee wa Kizaramo, ambaye naye nyumba yake ilikuwa imelala. Mimi ni Mnyamwezi, na vijana wa siku hizi pengine mnahitaji kuambiwa kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwamba mtani ana ruhusa hata msibani. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akagonga sakafu.

"Nimetumwa na mto," akasema, "kwa Mnyamwezi mwenye digrii. Mto unasema ile barua haukuisikia vizuri, ulikuwa mbali. Unaomba usomewe tena."

Darasa zima lilicheka. Mama wa yule kijana naye alicheka, amejifunika uso kwa kanga, na sijui kicheko kiliishia wapi na kilio kikaanzia wapi. Mimi niliona aibu ya kutaka kuingia ardhini. Halafu nikacheka. Mjumbe wa mtaa aliniheshimu, mke wangu alinihurumia. Nani mwingine angeniambia neno lile? Nikainuka, nikaomba daftari, nikaanza kuorodhesha hasara za watu, maana kazi hiyo ndiyo niliyoiweza. Mama mmoja akaniambia, "Andika mume mmoja. Amepatikana, lakini mwandike kwenye hasara vilevile."

Sasa tranka. Wakubwa mnakumbuka amri ya kila tranka kuandikwa kwa rangi nyeupe jina, namba na shule. Tuliiona ni usumbufu mtupu. Siku ya tisa nilipigiwa simu. Vijana waokota vyuma chakavu walikuwa wamelikuta limenasa kwenye mikoko karibu na Daraja la Salenda, wakalipeleka kwenye mzani. Pale alikuwapo mtu aliyesoma hapa, miaka minne nyuma yangu, akaiona ile rangi. Mwenye mzani hakutaka kusikia habari za shule: akauza kwa kilo, tope likiwamo. Mwenzetu akalipa, akauliza huku na huku mpaka akanipata. Vyeti vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, vimelowa pembeni tu.

Mwaka 2017 ulipofanyika uhakiki, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, nilipeleka vyangu. Mhakiki akakigeuza kimoja. "Mbona kina tope?" Nikamweleza. Akasema, "Afadhali. Vinavyonitisha ni vile visafi mno."

Januari 2012 familia zilipoanza kupelekwa kwenye viwanja vya Mabwepande, mtani wangu alikuwa miongoni mwao. Mimi nilihamia mlimani. Hadi alipofariki hakuniita kwa jina langu, aliniita Karani wa Mto.

Aliyelikomboa tranka ameketi pale mstari wa tatu. Anadai hadi leo sijamrudishia fedha ya lile tope. Ni kweli, sijamrudishia.