Milango Mitatu ya Kura
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kazi ya karani ni kuandika majina. Leo naomba kusema juu ya majina yasiyoandikwa.

Katika mkutano wa mwaka uliopita, mama mmoja mjane, muuza mboga, alisimama kuuliza kwa nini mchango wa msiba umeongezwa. Aliambiwa aketi, kwa kuwa jina lake halimo katika daftari la wanachama. Naye amelipa kila mwezi tangu mumewe afariki, na stakabadhi zake nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa jina la marehemu. Basi katika daftari langu marehemu ana kura, na aliye hai hana. Jambo hilo lilinikosesha raha, nikaona heri tukumbuke jinsi kura ilivyogawanywa katika nchi yetu.

Walowezi wa Kizungu walipewa haki ya kura mwaka 1919, wanaume kwa wanawake. Mwafrika hakupewa, hata akiwa mwalimu au mchungaji. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, aliteuliwa na Gavana mwaka 1944. Hakuchaguliwa na watu wake. Bibi wa Kizungu alipiga kura, na mpishi wake mwanamume alibaki jikoni. Mlango wa kwanza, basi, ulikuwa rangi.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vyao vilikuwa 8, na vya Wazungu wa kuchaguliwa 14, ingawa hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 5, na Wazungu wapatao 30,000. Tena si kila Mwafrika aliyepiga kura. Mtu alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake au utumishi wake wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupata hata kura 3. Asiye na sifa hakupata hata moja. Katika Mkoa wa Kati, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuwa na cheti cha uaminifu. Karani kama mimi angaliweza kuhesabiwa kuwa watu watatu, na hamali aliyebeba magunia stesheni asihesabiwe kuwa mtu. Mlango wa pili ulikuwa hali ya mtu.

Mlango wa tatu haukuandikwa katika sheria. Sheria ya uchaguzi wa 1957 haikumkataza mwanamke. Lakini ni nani aliyepelekwa shule karo ilipokuwa haba? Mvulana. Ni nani aliyepata kazi ya mshahara? Mwanamume. Na mashamba yalipopimwa kwa mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, hati nyingi ziliandikwa kwa jina la nani? La mume. Kwa hiyo mama aliyelima shamba lile tangu ujana wake alipimwa kwa mali, akaonekana hana mali. Akapimwa kwa elimu, akaonekana hana elimu. Ndugu zangu, milango ile ilifuatana. Aliyeumia zaidi ni yule aliyepaswa kuipita yote mitatu, yaani mwanamke Mwafrika aliye maskini.

Wala tusiseme kwamba mama hakuwa na habari na siasa. Bwana Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, moja ya mambo aliyokuwa akiyalalamikia ni kulazimishwa wake na mabinti kufanya kazi mashambani. Tarehe 16 Machi watu walikusanyika Nairobi kutaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku ile.

Mwaka 1963 kila mtu mzima alipata kura, na mlango wa rangi ukaanguka. Hata hivyo hakuna mwanamke aliyechaguliwa Bungeni mpaka Bi Grace Onyango wa Kisumu mwaka 1969. Katiba ya 2010 yasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza agizo hilo, halikuvunjwa. Mwaka 2022 wanawake 7 walichaguliwa kuwa magavana katika kaunti 47. Hatua ni njema, bali safari bado.

Sasa turudi nyumbani. Kanuni zetu zasema mwanachama ni mkuu wa nyumba, na mjumbe wa halmashauri awe amemaliza sekondari. Sisi tulionung'unika mkoloni alipotupima kwa vyeti na mali, twampima mama mboga na bawabu kwa kipimo kile kile. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Najua mzee mmoja ataniuliza: je, karani, wataka nyumba iwe na vichwa viwili? La, mzee wangu. Heshima yako nyumbani haikuandikwa katika daftari langu, wala haitafutwa humo. Nasema juu ya fedha tu: anayetoa aulize zinakokwenda.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila anayelipa aandikwe kwa jina lake, awe na kura moja. Pili, mjane arithi uanachama wa nyumba yake bila kungoja mwanawe akue. Tatu, sharti la shule libaki kwa katibu na mweka hazina peke yao, maana wao hushika kalamu. Hekima ya wengine haihitaji cheti.

Mkikubali, jina la kwanza nitakaloandika ni la mama yule. Nimemwachia mstari.