Kutafuta Njia Njema ya Baisikeli Katika Mji wa Dar es Salaam

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, yaliyotolewa na Afisa Elimu.)

Chukueni daftari na kalamu. Juma lililopita tulijifunza kuandika orodha: orodha ya vitu vya kununua sokoni, na orodha ya kazi za siku. Leo tutaandika orodha ya namna nyingine. Tutaandika njia.

Wengi wenu mna baisikeli. Mmoja huenda nayo kazini. Mwingine hupakia mikate au samaki. Mwingine huzunguka nayo siku ya Jumapili apate nguvu na hewa safi. Lakini nyote mna swali moja: katika mji huu wenye magari mengi, nipite wapi nifike salama, na nirudi salama?

Kwanza, maneno ya leo. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi myasome pamoja: NJIA PANDA. UKINGO. LORI. KIVUKO. UPEPO. Yasomeni tena. Vyema.

RAMANI YA MKONO

Sasa wekeni mkono wa kuume juu ya meza, kiganja kikitazama chini, vidole vimetanuka. Tufanye kwamba kifundo cha mkono ni Kivukoni, na bahari iko nyuma yenu. Mnatazama magharibi. Huu mkono ndio mji wa Dar es Salaam.

Kidole cha mwisho, upande wa kuume, ni Barabara ya Bagamoyo. Hiyo hupita Mwenge, Tegeta na Bunju. Kidole cha pete ni Barabara ya Morogoro, ipitayo Magomeni, Ubungo na Kimara. Kidole cha kati ni Barabara ya Nyerere, iendayo uwanja wa ndege, na mbele yake kuna Pugu na Kisarawe. Kidole cha shahada ni Barabara ya Kilwa, iendayo Mbagala. Na kidole gumba, kilichojitenga na vingine, ni Kigamboni, ng'ambo ya maji. Huko hufika mtu kwa kivuko, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680.

Tena chora mstari kwa kalamu ukikata vidole vile kwa upana. Mstari huo ni Barabara ya Sam Nujoma, kutoka Mwenge hadi Ubungo, na Barabara ya Mandela, kutoka Ubungo kwenda upande wa bandari.

Tazameni mkono. Karibu kila gari kubwa la mji huu hupita katika vidole, au katika mstari ule. Basi mwenye baisikeli atafute wapi? Atafute katikati ya vidole.

HABARI YANGU MWENYEWE

Sikulijua jambo hili mpaka liliponipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikienda kazini kwa baisikeli kwa Barabara ya Mandela. Asubuhi moja nilisimama kwenye njia panda yenye taa. Kulikuwa na lori limebeba kontena, nami nikajipenyeza ubavuni mwake, upande wa kushoto, nikakaa karibu na gurudumu la mbele. Taa ikawa kijani. Lori likakata kushoto. Nilipiga kengele, lakini nani asikie kengele ya baisikeli penye ngurumo ya injini? Gurudumu langu la mbele likakunjwa kama chapati. Mimi nikarushwa pembeni, nikavunjika mfupa wa bega, ule uitwao mtulinga.

Dereva alishuka akitetemeka. Alisema hakuniona, nami naamini alisema kweli. Katika nchi yetu tunaendesha upande wa kushoto, na dereva huketi upande wa kulia, juu sana. Mtu aliye chini kushoto, karibu na kichwa cha lori, amefichika kabisa. Shikeni kanuni hii: usipoona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe. Kaa nyuma ya lori. Usikae ubavuni.

Nilipokuwa nimelala nyumbani, mkono umefungwa, jirani yangu mmoja alikuja kunijulia hali. Yeye ni mzee muuza mikate. Kwa miaka mingi amekuwa akitoka alfajiri na kreti la mikate nyuma ya baisikeli. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini ulipita pale?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, ile ndiyo njia fupi."

Akasema, "Fupi kwa nani? Ile ni njia ya lori. Baisikeli ina njia yake."

Kisha akanieleza njia yake yote, kona kwa kona: hapa kuna mti wa mwembe, hapa kuna mfereji bila kifuniko, hapa kuna fundi wa pancha, hapa subiri kwanza basi lipite. Sikuwa nimepata kusikia ramani nzuri kama ile. Lakini yote ilikuwa kichwani mwake tu.

NJIA NJEMA NI IPI?

Tangu siku hiyo napima njia kwa mambo manne. Yaandikeni.

La kwanza ni njia panda. Hesabu ni mahali pangapi gari kubwa hukata mbele yako. Njia yenye kilomita 12 na njia panda 4 ni bora kuliko yenye kilomita 9 na njia panda 20. Katika baisikeli hatari kubwa haiko katika urefu wa safari. Iko pale ambapo njia mbili hukutana.

La pili ni ukingo, yaani nafasi iliyobaki kati ya magari na mwisho wa lami. Je, upo? Je, una mchanga au mashimo? Mchanga ulioletwa na mvua juu ya lami huangusha mtu upesi kuliko shimo, kwa maana shimo laonekana. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa pia njia ya baisikeli pembeni. Itumie, lakini uwe macho: mara nyingi utakuta humo pikipiki, mikokoteni na meza za wauzaji. Na njia ya mabasi yenyewe usiingie kamwe. Ile si yetu.

La tatu ni saa. Barabara moja ni barabara mbili: ya alfajiri na ya jioni. Pwani ya Oysterbay, kupitia Toure Drive na Coco Beach, Jumapili saa 12 asubuhi ni kama uwanja wa mazoezi. Utakuta watu wanakimbia na wengine wanaendesha baisikeli kwa raha. Jioni ya siku hiyo hiyo imejaa motokaa na watoto wanaovuka.

La nne ni msaada. Je, njiani kuna maji, kivuli, na fundi? Katika joto la Dar es Salaam mtu asiyekunywa maji huishiwa nguvu, na aliyeishiwa nguvu hafikiri sawasawa.

JINSI YA KUITAFUTA

Njia njema haipatikani kwa siku moja. Anza na ramani, iwe ya karatasi au ya simu. Simu itakuonyesha njia ilipo, lakini haitakuambia kwamba asubuhi malori ya saruji hutoka pale Wazo karibu na Tegeta, wala kwamba malori ya mafuta hutoka kwenye matangi ya Kigamboni. Hayo waulize wanaopita huko kila siku kwa kazi yao: wauza mikate, wauza samaki, mafundi wa baisikeli.

Kisha iendee njia hiyo siku ya Jumapili asubuhi, polepole, ukitazama. Baadaye iendee tena siku ya kazi, saa ile ile utakayoitumia. Kipande kibaya ukikiona, usiiache njia yote. Badilisha kile kipande tu. Na penye mahali pabaya pasipoepukika, shuka usukume. Kusukuma baisikeli hatua mia si aibu.

UPEPO

Watu wa pwani twajua pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma toka upande wa kaskazini, kwa kadiri ya Desemba hadi Machi. Kusi huvuma toka upande wa kusini, Aprili hadi Septemba hivi. Mabaharia walizitumia pepo hizi kwa majahazi karne nyingi, nasi tuzitumie kwa baisikeli.

Kanuni ni hii: unapokwenda, kabili upepo, unaporudi, uwe mgongoni. Wakati wa kusi vuka Kigamboni, uende kusini upande wa Mjimwema na Gezaulole, na upepo utakurudisha nyumbani. Wakati wa kaskazi elekea kaskazini, upande wa Bunju, na mwenye nguvu afike Bagamoyo kwenyewe, mwendo wa kilomita zipatazo 65 au 70 kutoka katikati ya mji. Mwenye kupenda vilima aende Pugu na Kisarawe, au njia za Goba zilizo kati ya Barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro. Na wakati wa masika, toka Machi hadi Mei, kumbuka kwamba dimbwi laweza kuficha shimo. Usipite katika maji usiyoona chini yake.

KUANDIKA NJIA

Sasa andikeni. Huu ni mfano wa njia ya asubuhi, kutoka Mwenge hadi Kivukoni. Kila mstari uwe na mahali, na neno moja la onyo au la msaada.

1. Mwenge. Njia panda kubwa. Shuka, usukume.
2. Mitaa ya Mikocheni. Kimya. Angalia magari yatokayo majumbani.
3. Msasani, kwa njia za ndani. Bajaji nyingi.
4. Oysterbay, Toure Drive. Bahari iko kushoto. Pumzika, kunywa maji.
5. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Upepo wa ubavuni. Shika usukani kwa mikono miwili.
6. Barabara ya Barack Obama, kandokando ya bahari.
7. Kivukoni. Watu wengi. Polepole.

Njia hii ni ndefu kuliko kunyooka kwa Barabara ya Bagamoyo. Lakini tazameni ni mara ngapi imekwepa msongamano wa magari makubwa. Huo urefu ni bei, na kinachonunuliwa ni uhai wako.

Kabla ya kuondoka jaribu breki zote mbili, bonyeza matairi kwa kidole gumba, tazama mnyororo. Kama kungali giza, washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na vaa nguo ya rangi ya kung'aa. Chukua pampu na viraka.

Namalizia kwa habari ya yule mzee muuza mikate. Siku ile, kwa kuwa mkono wangu wa kuume ulikuwa umefungwa, nilimwomba binti yangu alete daftari. Mzee akasema, mtoto akaandika. Tulipomaliza, mzee akaomba karatasi ile. Nikamwuliza ya nini, nawe njia unaijua? Akasema mwanawe wa kiume ataanza kazi ya mikate mwezi ujao. "Nilikuwa naogopa kumwachia barabara," akasema. "Sasa atakuwa nayo mfukoni." Mwaka uliofuata mzee mwenyewe aliingia darasa la watu wazima, na neno la kwanza alilotaka kujifunza kuliandika lilikuwa NJIA.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini si vyema kusimama upande wa kushoto wa lori?
2. Taja mambo manne ya kupimia njia.
3. Wakati wa kusi, ni vyema kuanza safari kwa kuelekea upande gani? Kwa sababu gani?

ZOEZI

Andika njia uipitayo wewe kila siku, kutoka mlangoni kwako hadi kazini au sokoni, kwa mistari isiyopungua mitano. Weka alama ya msalaba penye hatari. Kisha badilishaneni karatasi na jirani yako darasani. Huenda yeye anajua kipande kilicho bora kuliko chako.

Juma lijalo tutajifunza kuandika barua kwa serikali ya mtaa, na wenye misalaba mingi katika karatasi zao watakuwa na jambo la kuandika. Zitunzeni karatasi hizo. Kwaherini, na mpite salama.