Soma Kibandiko Kabla ya Kununua RAM



Siku hizi mkazi wa Kitale au Bungoma akitaka cheti cha tabia njema, leseni au kuwasilisha marejesho ya ushuru, safari yake huanzia kwenye kompyuta. Huduma ziko eCitizen na iTax, na asiye na kompyuta huenda saiba. Mashine ikikwama tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya marejesho, anayeumia si mwenye saiba peke yake. Na yule aliye kwenye foleni atatozwa faini akichelewa.

Mara nyingi fundi husema: "Ongeza RAM." Huenda ni kweli. Lakini RAM si chumvi, kwamba yoyote itafaa chungu chochote. Mwenye saiba anayepanda matatu Kitale, akapita Kiminini na Webuye hadi Bungoma, kisha akarudi na kipande kisichoingia kwenye mashine yake, amepoteza nauli, siku ya kazi na pengine bei ya kipande chenyewe.

RAM ni kama meza ya kazi, nayo diski ni kabati. Kazi inayoendelea hukaa mezani. Meza ikijaa, kompyuta huanza kukimbia kabatini kila mara, na hapo ndipo inapokuwa nzito. Umeme ukikatika, kilichokuwa mezani hupotea. Kilichohifadhiwa kabatini hubaki.

Jambo la kwanza ni umbo. Kompyuta ya mezani hutumia kipande kirefu kiitwacho DIMM. Laptopu hutumia kifupi, karibu nusu yake, kiitwacho SO-DIMM. Laptopu nyingine nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Hizo haziongezewi kitu, labda ziwe na nafasi ya ziada.

Jambo la pili ni kizazi. Kompyuta kuukuu nyingi ni DDR3 au DDR4; mpya ni DDR5. Vizazi havichanganywi. DDR3 ya mezani ina pini 240, DDR4 ina 288. DDR5 nayo ina 288, lakini mkato wake uko mahali pengine. Umeme pia hutofautiana: DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Kipande kikikataa kuingia, kisilazimishwe. Mkato huo uliwekwa makusudi kuzuia kosa.

Iko pia DDR3L ya volti 1.35. Mkato wake ni sawa na wa DDR3, hivyo macho hayatoshi. Laptopu iliyotengenezewa DDR3L pekee inaweza kukataa kuwaka ikipewa DDR3 ya kawaida. Kibandiko chake huandikwa PC3L.

Tuchukue kibandiko kilichoandikwa "8GB 1Rx8 PC4-2666V-S". 8GB ni ukubwa. PC4 ni DDR4. 2666 ni kasi. S ya mwisho ni ya laptopu. Pakiwa na U, ni ya kompyuta ya mezani. Pakiwa na R, ni ya seva. Hiyo ya seva huuzwa rahisi, tena huingia vizuri kwenye kompyuta ya mezani, lakini mashine za kawaida haziwaki nayo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kasi zikitofautiana, vipande vyote hufuata kile cha polepole. Vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi sambamba, kwa hiyo 4GB mbili mara nyingi hushinda 8GB moja. Na kompyuta yenye Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya 4GB, hata ikijazwa 16GB.

Kabla ya kutoa pesa, mkazi abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue Performance, kisha Memory. Hapo ataona ukubwa, kasi na nafasi zilizotumika. Kompyuta ikiwa nzito huku RAM ina nafasi tele lakini diski iko asilimia 100, shida ni diski. Abadilishe diski hiyo kwa SSD, aache RAM ilivyo.

Siku ya kununua, kipande cha zamani kibebwe dukani, au kibandiko kipigwe picha kwa simu. Mnunuzi aombe risiti iliyoandikwa ukubwa, kizazi na muda wa dhamana. Kipande kijaribiwe dukani kwenye mashine yenyewe, na kile 8GB kionekane ni 8GB kweli.

Wakati wa kuweka, mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, na betri itolewe ikiwezekana. Fundi aguse chuma kwanza kuondoa umeme tuli, ashike kipande pembeni bila kugusa pini, akisukume mpaka vishikizo vilie.

Kipande kilichokufa kisitupwe shimoni wala kuchomwa pamoja na takataka za boma. Kina madini na kemikali. Kirudishwe kwa fundi au kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Kusoma kibandiko huchukua dakika moja. Dakika hiyo huokoa nauli ya kwenda na kurudi, nayo foleni ya saiba husonga.