Kijana Anayesomea Udaktari wa Hisabati na Wajibu Wetu Kwake

(Hotuba iliyosomwa msikitini mbele ya vijana na wazazi wao, baada ya Sala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w., tunaomba ruhusa tuzungumze jambo ambalo si la kawaida kusikika mahali hapa. Likitajwa neno "daktari", sote hufikiria mganga wa hospitali. Lakini wamo katika jamaat zetu vijana wanaotaka udaktari wa namna nyingine, nao ni udaktari wa falsafa katika hisabati, ambao vyuo vyetu vikuu huuita shahada ya uzamivu. Kijana anapoifikisha habari hiyo nyumbani hupokewa kwa maswali mawili. La kwanza: je, hisabati haijakwisha kujulikana yote, mbili na mbili si nne tangu zama za Nabii Nuhu a.s.? La pili: utamaliza lini, na ukimaliza utapata nini? Maswali haya si ya kudharauliwa. Yanaulizwa na wazazi waliouza mahindi na ng'ombe ili mtoto asome, nao wana haki ya kujibiwa.

Tulijibu la kwanza kwa mfano uliozaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Inasimuliwa kwamba katika Ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a. lilizuka jambo la mirathi. Mwanamke alifariki bila kuacha mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili. Kwa hukumu za Sura An-Nisaa, mume katika hali hiyo anapata nusu, na dada wawili wanapata theluthi mbili. Sasa mwenye kujua hesabu za sehemu na ajumlishe. Mali ikigawanywa mafungu sita, nusu ni mafungu matatu, na theluthi mbili ni mafungu manne. Jumla ni saba. Mali ni sita na haki ni saba! Hadhrat Umar hakuona haya kusema kwamba jambo hili linamtatiza. Aliwashauri Masahaba, na uamuzi ukawa mali igawanywe mafungu saba, mume achukue matatu na dada wachukue manne, ili upungufu umguse kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Wanachuoni wa mirathi wanauita utaratibu huu "aul".

Leo mwanafunzi wa madrasa hujifunza aul kwa nusu saa. Lakini siku ile ya kwanza jibu halikuwamo katika somo lolote, na ilibidi litafutwe. Hapo ndipo palipo tofauti kati ya kusoma na kutafiti. Kijana wa shahada ya kwanza hupewa maswali ambayo mwalimu ana majibu yake mfukoni. Mwanafunzi wa uzamivu hupewa, au hujitafutia, swali ambalo mwalimu wake mwenyewe hajui jibu lake, wala hajui kama jibu lipo. Kisha huambiwa: nenda, na urudi na uthibitisho. Hisabati haikubali ushahidi wa mara nyingi. Jambo likijaribiwa mara milioni na kuonekana kweli, bado si kweli ya hisabati mpaka ithibitishwe kwamba haliwezi kuwa vinginevyo. Hili neno "uzamivu" limechaguliwa vizuri, kwani mzamiaji huonekana akiingia majini, halafu walioko ufukweni hawaoni kitu kwa muda mrefu, na wenye wasiwasi huanza kusema amekufa maji.

Na hapa tunafika kwenye swali la pili. Tungependa kulijibu kwa habari za ndugu yetu Profesa Abdus Salam, ambaye wengi wetu tunamjua kwa tuzo ya Nobel ya fizikia aliyoipata mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Tunapenda kumtaja siku ya tuzo, alivyosimama Stockholm amevaa kilemba na kunukuu maneno ya Sura Al-Mulk yanayomtaka mtu atazame tena na tena kama ataona kasoro yoyote katika uumbaji wa Rahmani. Miaka iliyotangulia, alipokuwa mwanafunzi asiye na jina, tunaitaja mara chache mno. Na hiyo ndiyo inayomhusu kijana wetu.

Alizaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Alisoma hisabati Lahore, na akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1943, alichapisha makala fupi kuhusu swali la Ramanujan, yule mwanahisabati mashuhuri wa Kihindi. Mwaka 1946 akapata msaada wa masomo uliotokana na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, fedha zikabaki, zikaelekezwa kuwasomesha watoto wa wakulima wadogo. Alisafiri kwa meli mpaka Liverpool, na sanduku zito lililojaa vitabu vya hisabati. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, wapagazi hawapatikani, na baridi ni kali kwa kijana wa Punjab. Bandarini hapo alikuwapo Hadhrat Chaudhry Muhammad Zafrulla Khan r.a., aliyekuwa wakati ule jaji wa mahakama ya juu ya India, amefika kumpokea jamaa yake. Jaji huyo alishika upande mmoja wa sanduku, Abdus Salam akashika upande wa pili, wakalibeba. Kisha alipomwona anatetemeka akampa koti lake zito.

Tunaomba wazee waliweke jambo hili moyoni, tutalirudia.

Huko Cambridge alifaulu kwa daraja la kwanza katika hisabati na fizikia mwaka 1949. Alipoanza utafiti aliwekwa kwanza kwenye maabara, na kazi ya vyombo ikamshinda, kwa sababu ilidai subira ambayo yeye hakuwa nayo. Mtu aliyekuwa wa kwanza katika kila mtihani tangu utotoni, sasa anashindwa na vyombo! Akahamia upande wa nadharia, akaambiwa kwamba maswali makubwa ya wakati ule yamekwisha kujibiwa na wakubwa. Ndipo mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, Paul Matthews, akampa sehemu ya swali lililobaki. Kwa maneno mepesi, hesabu za chembe ndogo za maada zilikuwa zikitoa majibu yasiyo na ukomo. Freeman Dyson alikuwa ameonyesha njia ya kuyaondoa, lakini palikuwa na mahali ambapo majibu hayo yalilaliana, na uthibitisho wa mahali hapo haukuonekana. Abdus Salam alisafiri mpaka Birmingham kumwuliza Dyson mwenyewe. Dyson alimjibu kwamba hana uthibitisho. Alichoandika hapo kilikuwa dhana tu.

Hebu tuyafikirie majibu haya. Mtu mwenye sifa duniani anaulizwa na mwanafunzi mgeni, naye anasema sina. Angeweza kuficha. Na kijana angeweza kuridhika kuandika tu kwamba "kama alivyoonyesha Dyson". Badala yake alirudi na kulifanyia kazi mpaka akalimaliza, na tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1951 ilikuwa tayari imempa jina miongoni mwa wataalamu. Elimu hii ina amana ndani yake, na ndiyo maana tunaona uchungu tunaposikia watu wananunua tasnifu na kuitwa madaktari.

Pengine mtu atasema kwamba huyo alifanya haraka, alikuwa na kipaji cha peke yake. Ni kweli. Basi tumtaje mwingine, ingawa hakuwa wa Jumuiya yetu, kwa faida ya mabinti zetu hasa. Maryam Mirzakhani wa Tehran alipata udaktari wa hisabati Harvard mwaka 2004, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika hisabati. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 40. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba anafikiri polepole. Alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni, akachora na kuchora tena maumbo yale yale, hata binti yake mdogo akadhani mama ni mchoraji. Jirani angechungulia dirishani angesema mama huyu hana kazi. Ndivyo ilivyo kazi hii. Haina jengo linaloinuka likaonekana, na mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima na mwisho wake akawa na kurasa tatu, kisha akaona kosa katika ya kwanza.

Na sasa tuseme lililo zito, nalo ni kosa letu wenyewe. Alikuja kwetu kijana mmoja wa jamaat, yuko mwaka wa pili wa uzamivu. Hakuwa na la kuonyesha. Swali lake lilikuwa halijafunguka, wenzake aliomaliza nao shule walikuwa wamejenga, na kila akitoka msikitini alikuwa akiulizwa "Vipi, bado tu?" Alianza kuswali nyumbani ili asiulizwe. Sisi tuliokabidhiwa mambo ya elimu tulimsikiliza, tukamshauri aache atafute kazi. Tulidhani tunamhurumia. Akaacha. Baadaye tulikuja kufahamu kutoka kwa wenye ujuzi kwamba hali ile ya mwaka wa pili ni ya kawaida kabisa, na kwamba wengi waliomaliza wamepita hapo hapo. Hatuna hakika kwamba angefaulu. Lakini tunajua kwamba aliposhika upande wake wa sanduku, upande wa pili hapakuwa na mtu.

Wako wanaoogopa jambo jingine, kwamba elimu hii humwondoa mtu katika dini. Imam Ghazali alilizungumza jambo hili miaka mia tisa iliyopita. Alionya kweli kwamba mtu anaweza kuvutiwa na usahihi wa wanahisabati, akadhani kila wanalosema katika mambo ya dini ni sahihi vile vile. Lakini mara tu baada ya onyo hilo aliwaonya pia marafiki wajinga wa Uislamu, wanaodhani kwamba wanaitetea dini kwa kuzikataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Na katika Ihya aliihesabu elimu ya hesabu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo mji mzima una dhambi ukikosa mwenye kuijua. Naye Seyidna Ahmad a.s. alibashiri kwamba watu wa Jumuiya hii watapata ukamilifu katika elimu na maarifa. Bishara hiyo haikutaja elimu ya mimbari peke yake.

Tumalizie habari za Abdus Salam, kwani kuna sehemu inayotugusa sisi watu wa nchi zisizo tajiri. Mwaka 1951 alirudi kwao kufundisha hisabati Lahore. Hapakuwa na majarida mapya wala mwenzake wa kuzungumza naye swali. Wakubwa wa chuo walimtaka ashike kazi nyingine ya ziada, na aliyoichagua ni kusimamia timu ya mpira wa miguu. Mwaka 1953 zikaja fujo dhidi ya Waahmadiyya katika Punjab. Mwaka 1954 akarudi Cambridge. Maumivu ya kulazimika kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake hayakumtoka. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa huko Trieste, Italia, ili mtaalamu wa nchi maskini apate kwenda kwa miezi michache, akutane na wenzake, kisha arudi nyumbani bila kulazimika kuhama. Hisabati ni mojawapo ya idara zake, na sasa kituo hicho kina jina lake. (Kwao, neno "Mwislamu" lilifutwa kwenye jiwe la kaburi lake. Hilo tunamwachia Mwenyezi Mungu.)

Mlango huo umesogea karibu nasi. Tangu mwaka 2018 taasisi yenye uhusiano na kituo cha Trieste imekuwapo Kigali. Na tangu mwaka 2002 vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilishirikiana katika mpango wa hisabati uliosaidiwa na Sweden, ambao uliwawezesha vijana kugawa muda wa uzamivu kati ya nyumbani na huko. Hisabati haihitaji maabara ya mamilioni. Inahitaji karatasi, vitabu, mwalimu mwaminifu, na miaka mitatu au minne, pengine mitano, ya kutosumbuliwa. Akimaliza atafundisha chuoni, au atahitajiwa na mabenki, bima na idara za takwimu. Hatuwaahidi wazazi utajiri.

Tunachoomba ni kidogo. Msimwulize "lini". Mwulizeni swali lake ni lipi, hata kama hamtaelewa jibu, maana kulieleza kwa mtu asiye mtaalamu kumemsaidia mwanafunzi mara nyingi. Akija likizo, msimbebeshe kila kazi ya ukoo kwa sababu "hana kazi". Binti akiwa ameposwa, mazungumzo ya masomo yake yafanyike kabla ya nikaha na si baada yake. Na katika mchango wa elimu wa mwezi huu, kamati imeamua fungu moja liwekwe kwa ajili ya nauli na vitabu vya walioko kwenye utafiti. Ni fungu dogo, lakini lipo.

Yule kijana tuliyemtaja tumemwandikia barua ya kumwomba radhi, na kumwuliza kama chuo chake kitamkubali tena. Amejibu kwamba ataulizia. Vijana wengine wenye nia hiyo wamwone katibu wa elimu leo baada ya Sala ya Magharibi, wakiwa na vyeti vyao vya shahada ya kwanza.